Namba Nyuma ya Msasa

Fundi Kioo hakuwa mtu wa kukaa kitako. Akinywa chai anazunguka nayo ua mzima, akinyolewa anageuza kichwa kila akipita mtu mpaka kinyozi anamtishia wembe, na siku ya mapumziko utamkuta anasugua gari la jirani ambalo hakuna aliyemwomba alisugue. Jina la Kioo alipewa gerejini, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake unaweza kuchana nywele ukijitazama mlangoni. Alikuwa amepuliza rangi miaka kumi na tisa. Ukimsifia husema si kitu, kisha husimama hapo hapo akingoja umsifie tena.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomnyima raha, nalo ni kifua. Jumatatu kilikuwa chepesi. Jumatano kilianza kubana, na Ijumaa jioni alipanda zile ngazi nne za mlangoni kwake kama mtu aliyebeba injini mgongoni. Gerejini alikohoa nyuma ya kompresa ikinguruma, mtu asimsikie. Nyumbani alisema ni vumbi. Alikuwa na sababu ya kuficha: fundi aliyemfundisha kazi alianza hivyo hivyo, akapelekwa kukaa getini kufungua na kufunga, na ndani ya mwezi mmoja hakuna aliyemwita fundi tena. Walimwita wewe wa geti. Kioo alimpita kila asubuhi, na kila asubuhi roho ilimruka.

Ndipo wakaja watu wa chuo kikuu. Walikuwa wanafanya utafiti juu ya ile dawa ya kukaushia ambayo mafundi huichanganya na rangi ili iwe ngumu na ing'ae, wajue inawafanya nini watu wanaoivuta kila siku. Aliyeongoza alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Alimpa kila mpiga rangi kifaa cha plastiki cha kupimia nguvu ya pumzi, chenye mshale mwekundu pembeni, na karatasi yenye vyumba vya kujaza.

"Unapuliza kwa nguvu zako zote mara tatu, unaandika namba iliyo kubwa," alieleza. "Ukiamka, mchana, jioni na kabla ya kulala. Wiki mbili ukiwa kazini, halafu wiki moja ukiwa nyumbani. Mwenye gereji ameshakubali kuwapa hiyo wiki."

"Namba ikiwa ndogo je?" Kioo akauliza.

"Andika hiyo hiyo ndogo."

"Na ikiwa kubwa sana, kuna kombe?"

Mafundi waliangua kicheko. Dada naye alicheka, kisha akamtazama usoni. "Kombe hakuna, fundi. Ila usiipambe."

Kioo hakutaka kuchafua karatasi ya watu kwa mikono yenye rangi. Kwa hiyo akachukua kipande cha msasa na kuandika namba zake nyuma yake kwa penseli, akikusudia kuzinakili baadaye kwa mwandiko mzuri. Jumatatu ya kwanza alipata mia nne na thelathini. Ijumaa akapata mia tatu na kumi. Wiki ya pili ikashuka mpaka mia mbili na tisini. Halafu ikaja wiki ya kukaa nyumbani, akawa anazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mshale ukapanda. Mia tatu na themanini. Mia nne na kumi. Mia nne na hamsini.

Mtu mwingine angefurahi. Kioo alikaa na ule msasa mkononi. Hakusoma sana, lakini mtoto mdogo angeziona namba zile na kujua zinasema nini. Ziliandika jina lake kwenye kiti cha getini.

Basi akanakili. Zile za nyumbani akaziweka kwenye wiki za kazi, akizirudia mara mbili, na baadhi ya zile za kazi akaziweka kwenye wiki ya nyumbani, kwa mwandiko safi, kila namba kwenye chumba chake. Alijiona ana akili nyingi. Akiulizwa kwa nini alishuka alipopumzika, atasema mwili ni kama injini, ukiuacha bure unakwama. Alipomaliza aliuchovya ule msasa kwenye ndoo ya maji akasugulia bampa, na penseli yote ikafutika kabla ya saa sita mchana.

Baada ya mwezi yule dada alimfuata nyumbani, siku ya Jumapili. Kioo alimpokea kwa bashasha. Mkewe alitoa viti nje. Huyu mke mtaa mzima ulimwita Mama Sabuni, kwa kuwa alipika sabuni uani kwake kwenye mapipa mawili, akaikata vipande vya kijani na vya manjano, na kulikuwa na watu waliovuka mitaa mitatu kuifuata wakati duka lilikuwa mlangoni kwao.

"Fundi, namba zako ni za ajabu," dada alisema. "Wenzako wote wanashuka wakiwa kazini. Wewe peke yako unashuka ukiwa nyumbani. Hapa kuna kazi gani?"

Kioo alifungua mdomo aseme habari ya injini. Mkewe alimtangulia, tena kwa fahari, akamwonyesha mgeni mapipa, mafuta, manukato, na ile dawa kali ya magamba meupe inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Dada aliandika. Kadiri alivyoandika, ndivyo sauti ya Mama Sabuni ilivyozidi kupungua.

"Sijasema ndiyo yenyewe, mama," dada alisema mwishoni. "Simamisha kwa mwezi mmoja tu, tupime tena."

Hapo ndipo Kioo alipotakiwa kusema. Nasema wazi, mimi ningekuwa karibu ningemfinya. Alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, akazungumzia hali ya hewa.

Mama Sabuni hakusimamisha. Alimaliza kabisa. Kesho yake Kioo aliporudi alikuta mapipa hayapo, vibao vya kukatia vimegawiwa, na ua umesuguliwa mpaka mawe yamebadilika rangi. Wateja walibisha hodi, akawajibu mlangoni, "Nimeacha. Inamdhuru baba watoto." Alisema hivyo bila kinyongo, na hilo ndilo lililomkosesha Kioo usingizi na chakula. Kama angenuna, angalau wangegombana.

Tangu hapo Kioo hakutulia. Gerejini alimwaga rangi, akapuliza mlango uleule mara mbili, na mnyoosha bodi akamuuliza kama ana deni au ana mpenzi. Na kifua kilizidi, maana dawa ilikuwa ile ile na yeye alikuwa palepale. Alikohoa hata Jumatatu sasa. Mkewe alisikia. Akafua mapazia. Akatoa godoro juani. Wiki iliyofuata akahamia chumba cha mabinti.

"Huenda harufu imeniingia kwenye nywele," alimwambia mumewe, akitazama pembeni. "Nimeziosha mara sita."

Kioo alisema, "Si hivyo, mama watoto." Akaishia hapo.

Jumamosi moja mchana alirudi kutoka kazini akakuta begi limefungwa, liko kwenye kiti cha sebuleni. Mkewe alikuwa amevaa viatu vya safari.

"Nakwenda kwa dada yangu," alisema. "Sabuni nimetoa, nguo nimefua, nyumba nimesugua, na bado unakohoa. Kilichobaki humu ni mimi."

"Unakwenda mpaka lini?"

"Mpaka upone."

Kioo alianza kuzunguka meza. Alizunguka mara ya kwanza, mara ya pili, akagonga begi kwa goti, begi likaanguka. Akasimama. "Namba ni za uongo," alisema. "Nilizigeuza. Nikiwa hapa nyumbani nilipanda mpaka mia nne na hamsini. Nilishuka kule. Niliogopa geti."

Mama Sabuni alikaa taratibu kwenye kile kiti. Kwa muda alitazama mikono yake, ambayo siku hizi ilikuwa mikavu na haikuwa na kazi.

"Wiki tatu," alisema, "nimekula na wewe nikijua nakuua. Nilikuwa nakutazama unavyolala. Nilipokuwa nawaosha watoto nilijiuliza na wao nimewafanya nini. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Kioo aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Alitaka mkewe amtukane, ampige hata na kiatu. Mkewe alimsukumia simu.

"Mpigie. Kabla ya salamu, mwambie si sabuni."

Alipiga. Dada alipopokea, Kioo alisema kama alivyoagizwa, "Si sabuni," na dada akauliza nani mwenzangu, ikabidi aanze upya, aeleze msasa, kunakili na bampa, huku akikohoa katikati. Kisha dada aliuliza kama mke yuko karibu.

Mama Sabuni alichukua simu. Hakuuliza habari za utafiti wala za uongo. "Akiacha kupuliza rangi," alisema, "kifua kitarudi?"

"Wengi hupata nafuu, mama, wakiacha mapema. Wengine hubaki nacho. Inategemea kilianza lini."

"Mwaka huu. Mwanzoni mwa mwaka, si ndiyo?" Alimgeukia mumewe. "Anauliza kilianza lini."

Kioo alitazama sakafu. Alikumbuka vizuri: alikohoa mara ya kwanza wiki ile binti yao mkubwa alipoanza darasa la kwanza, akajifuta mdomo kwa tambara la rangi na kwenda kumpokea shuleni akicheka. Binti huyo sasa alikuwa karibu kumfikia mama yake kwa urefu.

"Miaka saba," alisema.

Mama Sabuni alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Kisha akairudisha simu sikioni.

"Dada," alisema, "umemsikia?"