Maji ya Othaya Yalichemka Tisini na Nne

Kabla sijastaafu nilifundisha sayansi katika shule moja ya sekondari huko Othaya, na nilikuwa na mdomo. Wanafunzi wangu wa zamani wakisema nilikuwa mkali, wananistahi tu. Nilikuwa mjuaji, na hilo ni baya zaidi.

Siku hiyo tulikuwa tunapima maji huchemka yakifika joto la nyuzi ngapi. Kitabu kilisema mia moja, nami nikasema mia moja. Darasa zima lilishajua namna ya kuishi na mimi, likaandika mia moja bila hata kuiangalia themomita vizuri. Lakini kulikuwa na msichana mmoja aliyetaka sana kwenda Nyeri kwenye mashindano ya sayansi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeahidi kwamba nafasi ni ya atakayefanya jaribio kwa makini kuliko wote.

"Mwalimu, yangu imesimama tisini na nne," alisema. "Imekataa kupanda."

Nikampa nyingine. Tisini na nne. Nikasema zote ni mbovu.

"Lakini mwalimu, kwa shangazi yangu, kule chini Wang'uru, githeri huiva haraka kuliko kwetu. Labda maji ya huku juu hayapati moto sana."

Nilicheka, na nilipocheka darasa lote likacheka. "Ati githeri! Tumekuja maabara ama jikoni? Macho yako ndiyo yako na shida. Futa, andika mia moja."

Akafuta. Alifuta polepole mpaka karatasi ikatoboka. Nyeri nikampeleka mwingine, aliyenakili kitabu neno kwa neno.

Muhula uliofuata nilikuwa ubaoni, chaki mkononi, nikieleza kwamba ukipanda milimani hewa huwa nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo huchemka kabla ya kufika mia. Nilikuwa nimefundisha somo hilo miaka na miaka. Katikati ya sentensi nikajisikia ninachosema. Othaya ni milimani! Nikageuka nikamtazama yule msichana. Alikuwa amehamia dawati la nyuma na alikuwa ananakili, kichwa chini. Ningesema neno moja tu, mbele ya wale wale waliomcheka. Sikusema. Niliogopa kuchekwa, mtu mzima mimi, nikafuta ubao nikaendelea. Mwaka uliofuata akaacha fizikia, nami nikajiambia ni hiari yake.

Siku hizi nina ng'ombe wawili, na kila asubuhi napeleka maziwa kituoni. Mwaka huu nikamkuta yule msichana pale, sasa mama mzima, ndiye anayepokea. Anatumbukiza kile kipimo cha kioo kinachoelea, cha kujua kama maziwa yametiwa maji, anakisoma, kisha anamwita mwenzake asome pia. Nilidhani ni sheria ya kituo. Mwenzake ndiye aliyeniambia, kwa kumtania, "Huyu hata saa ya ukutani lazima asomewe na mtu!"

Nilirudi nyumbani nikashindwa kunywa chai.

Kesho yake nikamwambia yote, foleni nzima ikisikia: kwamba tisini na nne ilikuwa sahihi, kwamba githeri ya shangazi ilikuwa sahihi, na kwamba nililijua hilo muhula uliofuata nikanyamaza. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza akiwa ameshika kipimo hewani, maziwa yakidondoka.

"Kumbe," akasema. "Na mimi nilienda kupimwa macho, mwalimu. Mara mbili. Daktari akasema ni mazima, sikumwamini." Akacheka kidogo, cheko la adabu. "Lakini hayo ni ya zamani. Asante kwa kuniambia."

Akapokea mtungi wa aliyenifuata. Akatumbukiza kipimo, akainama, akakitazama kwa muda mrefu. Nilisimama pale nikimwombea kimoyomoyo.

Akainua kichwa, akamwita mwenzake. "Hebu kuja uniangalilie hapa."