Mashine Akanyamaza

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Makongeni, na katuni sikuwa na haja nazo. Nilidhani ni vitu vya watoto. Halafu Jumamosi moja nikapeleka mapazia niliyoshonea ukumbi wa video, nikaketi kidogo kupumzisha miguu, na sikuinuka mpaka picha ilipokwisha. Aliyenikalisha kitini ni Wavinya, binti wa jirani yangu Mzee Kivuva.

Wavinya hutafsiri. Katuni zenyewe ni za Kijapani, zile za mashine zinazofikiri na watu waliotiwa vyuma kichwani, na maandishi ya Kiingereza hupita chini ya skrini mbiombio. Yeye hukaa kando na kipaza sauti chake, huyasoma na papo hapo kuyageuza Kiswahili, kila mhusika na sauti yake. Jenerali humpa sauti ya mpiga debe. Daktari mwongo humpa sauti ya mzee mmoja wa kanisa letu, na hapo tunacheka mpaka tunaumwa mbavu. Wachinjaji wa Soko la Burma huja na aproni zao zenye damu, wakakaa mstari wa mbele wametulia tuli.

Picha wanayoipenda kupita zote ni ya mashine ya kuuguza wagonjwa katika mji uliofurika maji. Walioiunda wanagombana: mle ndani kuna mtu, au kuna nyaya tu? Hapo ndipo nilipomvulia kofia Wavinya. Sisi kwa Kiswahili hatuna pa kujificha. Ukisema imekuja, umesema ni kitu. Ukisema amekuja, umesema ni mtu. Ukifungua mdomo tu, umeshaamua. Vijana wa Sheng huku mtaani hawajali, kwao gari imekuja na jamaa imekuja ni mamoja, lakini ndani ya ukumbi ule hutega masikio kama mbwa wa kuwinda. Wavinya huiita mashine "i" tangu mwanzo. Imeamka, imesema, imelia. Hata ikilia bado ni "i".

Mwundaji wake mkuu huiuliza mara kwa mara, "Wewe ni nani?" nayo hujibu upesi kwa kutaja namba yake. Karibu na mwisho anaiuliza tena. Jibu inalo, lakini haijibu. Basi Wavinya huvuta pumzi na kusema, "Mashine... akanyamaza." Ukumbi mzima hulipuka kwa vifijo.

Nilimuuliza kwa nini asubiri mpaka hapo.

"Mama Waringa," akaniambia, "kitu hakinyamazi. Kitu hakina sauti tu. Anayenyamaza ana neno amelizuia."

Nilijua amelitoa wapi wazo hilo. Baba yake alikuwa dereva wa treni, na alikuwa akirudi nyumbani akisema, "Injini amechoka leo, amekataa kupanda mlima." Watoto wake walimcheka sana. Kisha akastaafu, na kiharusi kikamchukua upande wa kulia pamoja na maneno yake yote. Sasa Wavinya humwosha, humlisha, humsomea habari za gazeti na kumgombeza akikataa uji. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Kila Jumamosi humsukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi ukumbini na kumweka karibu na feni.

Kaka yake Mutisya anakaa Donholm. Si mtu mbaya, ila hawezi kumtazama baba yake machoni. Siku moja alikuja na uamuzi wake tayari: mzee apelekwe kijijini, atafutiwe mtu wa kumwangalia.

"Wavi, hii buda imezima," alisema, nami niko pale pale nimeshika kikombe cha chai. "Iko tu. Inameza uji, basi."

"Sema 'a'," Wavinya akamkatiza. "Baba si friji."

"Nionyeshe kama kuna mtu hapo ndani. Jumamosi nakuja na gari."

Mutisya akaondoka. Baadaye Wavinya alikuja kwangu akalia, ameuzika uso katika vitambaa vyangu, nami nikatamani kumdunga Mutisya sindano ya magunia.

Jumamosi ilipofika alimpeleka baba yake ukumbini kama kawaida. Picha ilikuwa inaelekea ukingoni Mutisya alipoingia akasimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Wavinya alimwona, na sauti yake ikayumba. Mwundaji akauliza, "Wewe ni nani?"

"Mashine..." Wavinya akasema, macho yakiwa mlangoni. "Mashine ikanyamaza."

Tukashtuka. Makokha wa bucha alifungua kinywa amrekebishe, lakini aliwahiwa.

"Aaa."

Sauti ilitoka karibu na feni.

"Imekohoa tu," Mutisya akasema.

Wavinya alimgeukia baba yake. Kisha akairudisha picha nyuma kidogo. Mwundaji akauliza tena, naye akasema polepole, kwa makusudi, "Mashine ikanyamaza."

"A!" Mzee Kivuva akapiga mkono wa kiti kwa kiganja chake cha kushoto, paa! Uso ulikuwa umekunjamana, uso ule ule aliokuwa akituonyesha zamani tukipiga kelele naye ametoka zamu ya usiku.

"Mashine i—"

"A! A!"

Watu waliruka juu ya mabenchi. Makokha alinikumbatia na aproni yake ya damu, na wala sikujali. Nililia mbele za watu bila aibu.

Mutisya alipita katikati yetu taratibu, akachuchumaa mbele ya kile kiti, akamtazama baba yake machoni. Funguo alikuwa ameziangusha njiani.

"Wavi," akasema. "Amekasirika."

"Ndiyo, amekasirika," Wavinya akajibu kwenye kipaza sauti, machozi yakimtiririka. "Umemzibia skrini. Sogea, anataka kuona mwisho."