Laini Sita za Matanga ya Matulo

Peris Nasike ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na mmoja amefanya kazi ambayo majirani zake wa Kitale hawaielewi. Akiwaambia yuko kampuni ya simu, wanamwomba awarudishie pesa walizotuma kwa namba isiyo yenyewe. Amechoka kuwaeleza.

Kazi yenyewe ni hii. Kila simu, hata ikiwa mfukoni, huwasiliana na mnara kimyakimya: huuambia iko wapi, inampigia nani, imehama lini. Peris hasikii mazungumzo ya watu, wala hataki kuyasikia. Husoma zile ishara tu, akitafuta wezi. Wizi anaoupiga vita zaidi ni wa kisanduku. Mtu yuko Dubai, anampigia mama yake Webuye. Simu ikipita njia halali, kampuni hulipwa na serikali hupata kodi. Mwizi huipitisha kwenye intaneti hadi kwenye kisanduku kilichojaa laini za hapa nchini, nayo humfikia mama ikionyesha namba ya Kenya. Mama hajui lolote, na kampuni huambulia senti chache. Wapo wanaosema huo si wizi kwa sababu anayeibiwa ni tajiri. Lakini anayetaka kwanza kujua mali ni ya nani ndipo auite wizi kwa jina lake, huyo ameshaanza kuiba moyoni.

Mwezi wa tatu mwaka huu Peris aliona laini thelathini na nane zikitumia mnara mmoja wa Matulo, huko Bungoma. Zilipiga simu kutwa nzima. Hazikupigiwa, na hazikutuma meseji hata moja. Kisanduku hufanya vivyo hivyo.

Utaratibu wa ofisi ni kuzitazama laini za namna hiyo kwa siku saba kabla ya kuzifunga. Peris alizitazama siku mbili. Alikuwa na hasira. Mara tatu mwaka uliopita alingoja siku saba, na siku ya nane wezi walikuwa wameshahama. Safari hii Jumatano saa nane mchana alijaza fomu, meneja wake Kimaiyo akatia sahihi bila kuisoma, na laini zote zikazimwa.

Jumatatu iliyofuata mwalimu mstaafu aitwaye Walubengo alifika ofisini kutoka Matulo. Alitoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa, akaikunjua, akapanga laini sita juu ya meza. Aliuliza ni nani aliyezifunga. Peris angeweza kumwelekeza kwa wahudumu wa wateja, na huko angezungushwa hadi jioni. Alisema ni yeye.

Walubengo hakupaza sauti. Alieleza kwamba mzee Wamalwa wa Matulo alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita, naye Walubengo akawa katibu wa kamati ya mazishi. Kamati ilinunua laini sita mpya, ikazigawia vijana sita walioketi uani kwa marehemu wakitangaza msiba. Kwao msiba hautangazwi kwa meseji; hiyo ni dharau. Mtu huambiwa kwa mdomo wa mtu. Na aliyeambiwa hampigii tena aliyempa habari, humpigia mfiwa mwenyewe. Kwa hiyo simu zilitoka mia na zaidi, na hakuna iliyorudi.

Binti mmoja kati ya hao sita, Bilha, alikuwa amepewa ukurasa wa daftari wenye namba za ukoo wa wajomba wa marehemu, walioko Kapsokwony. Laini yake ilipokufa alidhani ni mtandao, kwa maana mtandao wa Matulo hupotea kila siku. Akangoja urudi. Wenzake, waliokuwa wameshamaliza kurasa zao kabla laini hazijafa, walidhani naye amemaliza wake. Wajomba walisikia kwa watu wa sokoni, wakafika Jumapili. Mzee alikuwa amezikwa Jumamosi.

"Wewe ni mtu wa wapi, madam?" Walubengo akauliza.

"Wa Bungoma, mwalimu. Kanduyi."

"Ungekuwa wa mbali ningekuelewa."

Kimaiyo aliposikia, aliogopa habari isije ikafika makao makuu Nairobi. Aliamuru laini zote thelathini na nane zifunguliwe. Peris akamweleza kwamba sita ni za wafiwa, thelathini na mbili ni za wezi. Kimaiyo akamwangalia.

"Wiki jana uliniambia zote ni za wezi. Sasa nikuamini lini?"

Swali hilo lilimuuma Peris kuliko karipio.

Aliomba ruhusa ya siku moja akaenda Matulo. Mjane wa Wamalwa, Phelista, alimpokea vizuri, akampa chai, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi nimekusamehe, mwanangu. Lakini wajomba hawajanisamehe mimi. Wanasema nimewaficha maiti yao."

Peris hakuwa amefikiria hilo. Alidhani amekwenda kuomba radhi kwa kosa lililokwisha, kumbe kosa lilikuwa bado linatembea, na limembebesha lawama mama asiye na hatia. Siku hiyohiyo alipanda mlima hadi Kapsokwony pamoja na Walubengo. Mkubwa wa wajomba aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, bila kuwakaribisha ndani.

"Kwa hivyo ni mashine ilikata simu," mzee alisema.

Walubengo alikuwa tayari kuitikia. Ingekuwa rahisi kwa wote. Peris alimtangulia.

"Hapana, mzee. Mashine ilinionyesha tu. Mimi ndiye nilikata, na nilikata haraka."

Mzee alisogea kuwapisha mlangoni. Kisha aliwaambia waingie, akasema Phelista ajulishwe kuwa watateremka wiki ijayo. Hakusema kwamba amemsamehe Peris, naye Peris hakuuliza.

Aliporudi Kitale alizitazama zile laini thelathini na mbili upya, siku saba kamili. Angengoja vivyo hivyo mara ya kwanza, Alhamisi angeziona zile sita zikihama mnara kwenda mochari kuchukua mwili. Hizi thelathini na mbili hazikuhama hata kwa saa moja. Jumapili saa nne, Matulo nzima ikiwa kanisani, zilikuwa zikipiga simu. Siku ya nane alipeleka fomu. Kimaiyo akasema mambo ya Matulo bado ni moto, watulie kidogo. Peris alirudi siku ya tisa, akarudi siku ya kumi. Siku ya kumi na moja Kimaiyo alitia sahihi. Mafundi na polisi walipofika walikuta chumba cha kukodi nyuma ya duka, meza tupu, na matundu ya waya ukutani. Mwenye nyumba alisema mpangaji alilipa kodi yake vizuri na hakuwa na kelele.

Jumanne iliyofuata laini thelathini mpya zilionekana kwenye mnara wa Moi's Bridge. Zilipiga simu tu. Hazikupigiwa. Peris aliandika tarehe na saa, kisha akampelekea Kimaiyo taarifa. Mara hii meneja alisoma kila mstari, kwa sababu Nairobi walikuwa wameshamuuliza kuhusu kile chumba kitupu.

"Zifunge leo," akasema.

"Hii ni siku ya kwanza, bosi."

"Si unajua ni wale wale, bana."

"Najua," Peris akasema. "Hata zile za Matulo nilijua."

Kimaiyo alimwambia kwamba kufikia siku ya nane watakuwa wamehama tena, na lawama itakuwa ya Peris peke yake. Peris alijua ni kweli. Alirudi kwenye meza yake, akaanza kuhesabu siku saba.