Utafiti Kuhusu Wasichana Wanaoacha Shule

Juzi, nikimsubiri mwanangu maktabani mjini Tarime, nilimsikia kijana wa chuo akimwomba mkutubi vitabu. Anaandika utafiti: kwa nini wasichana huacha shule. Mdogo wake wa kike akaingia kumletea chakula, mtoto mgongoni.

“Na wewe binti, unasoma wapi?” mkutubi akamuuliza.

“Shikamoo, mama. Niliolewa nikiwa kidato cha pili. Ng’ombe za mahari ndizo zinamsomesha kaka.” Akamgeukia. “Kaka, si uniandike mimi?”

Kaka hakuinua kichwa. “Mwalimu anataka vitabu. Nenda nje, mtoto atalia.”

Akatoka, akimpigapiga mtoto ambaye hakuwa analia.

Namwombea kijana afaulu. Akirudia mwaka, mdogo wake hawezi kuolewa tena.