Mbwa wa Kwenda Saba Saba

Mwaka ule wa 1976 kijiji kilitakiwa kupeleka mbwa mmoja mjini Sumbawanga, kwenye mashindano ya Saba Saba. Mbwa wangekimbiza ngozi ya mbuzi iliyofungwa nyuma ya baiskeli. Atakayeing'ata kwanza angekipatia kijiji chake plau la kukokotwa na ng'ombe. Tangu wahamie pale, watu walilima shamba la kijiji kwa jembe la mkono, na misimu miwili mvua ilikuwa imewakuta nusu ya shamba haijaguswa.

Kila jioni mbwa walijaribiwa kwenye barabara ya shule. Bertilla, muuzaji wa duka la kijiji, alisimama kando na daftari. Alikuwa mtu wa haya, hakushangilia. Aliandika mbwa gani amekula saa ngapi, upepo unatoka wapi, nani ameanzia upande upi. Aliwatia mbwa ndani ya gunia, mmoja mmoja, akawapima kwenye mizani ya maharage.

“Dada Bertilla,” aliuliza Eustaki, mwendesha baiskeli, “mchuzi wa huyo utatosha nyumba ngapi?”

Katika majaribio saba, mbwa aitwaye Watasema alishinda sita. Alikuwa mbwa wa mwenyekiti, Mzee Wilibrodi, na hakuna aliyewahi kwenda naye kuwinda funo akarudi mikono mitupu. Kamati ya kijiji ilikwisha kukubaliana aende Watasema, Bertilla aliponyoosha mkono.

“Mwenyekiti, mimi naona aende Kijivu.”

Watu waliangua kicheko. Kijivu alikuwa mbwa jike wa mama mmoja, Luciana, mbavu nje, hajawahi kukamata hata panya.

“Wewe umewinda lini, binti yangu?” aliuliza mzee.

“Sijawinda, Mzee. Lakini siku ile moja Watasema aliposhindwa na Kijivu, Eustaki alikuwa amekwepa dimbwi. Mara sita nyingine barabara ilinyooka. Mjini watazunguka uwanja. Nilitaka kujua kona inamfanya nini.”

Mzee aliinuka. “Basi tukaone.”

Eustaki alizungusha ngozi nyuma ya magoli ya shule. Watasema alishusha pua chini, akaifuata harufu kwa uaminifu, kona yote, bila kuruka hata hatua moja. Kijivu aliinua kichwa, akaiona ngozi upande wa pili, akakata katikati.

“Pua hii ndiyo inayotulisha nyama,” alisema mzee, kama anayemtetea mtoto.

“Ni kweli, Mzee. Ila ngozi haijifichi.”

Mzee akaigeukia kamati. “Mwandikeni Kijivu. Na wewe, binti yangu, tukirudi bila plau, utawaeleza watu mwenyewe.”

Siku ya Saba Saba upepo wa baridi ulipeperusha vumbi. Bertilla alilibana daftari kwapani. Mbwa wanane waliachiwa. Hadi kona ya kwanza Kijivu alikuwa wa sita, na Luciana akaziba macho. Kisha baiskeli ikapinda. Kijivu akauacha msafara, akavuka uwanja peke yake, akaing'ata ngozi, akaning'inia hata mwendesha baiskeli akaanguka.

“Hakuzunguka huyo!” walipinga watu wa kijiji kingine.

Waamuzi walisoma kanuni mara mbili. Iliandikwa: atakayeing'ata kwanza.

Wanaume walipolipakia plau kwenye lori, Mzee Wilibrodi alimtafuta Bertilla ampe mkono. Alimkuta amechuchumaa kando ya mwenye mbwa aliyeshika nafasi ya pili.

“Shikamoo, baba,” alikuwa akisema. “Samahani. Huyu leo amekula saa ngapi?”