Paka wa Kiajemi na Dawa ya Kuogeshea Ng'ombe

Nimekuwa bwana mifugo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimezunguka Dutwa, Ipililo na vijiji vya katikati kwa pikipiki ya serikali, nimesimama kwenye majosho mengi kuliko makanisa, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za paka. Paka kwetu hatafutwi. Anakuja mwenyewe, anakaa kwenye ghala la mahindi, anakula panya, na siku moja haonekani tena wala hakuna anayemuulizia. Kwa hiyo binti yangu aliponipigia simu kutoka Mwanza akaniambia nichague paka wa mbegu, nilidhani ananitania.

Hakuwa ananitania. Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi miezi saba kabla ya hapo, akiwa anachambua mchele. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakabaki mawili matatu ambayo hata hayo hakutaka kuyatumia. Mtaalamu wa mazoezi alitupa mpira mdogo wa kuminya, akatuambia mkono usipofanyishwa kazi mapema unaweza usirudi tena. Mke wangu aliutazama ule mpira, akauacha ukaanguka, akageuzia uso ukutani. Nilimwokotea kila siku kwa wiki tatu. Kisha nikauweka kabatini.

Siku zangu zilikuwa za kumwogesha, kumlisha uji, kumgeuza, kumpeleka choo, kufua, halafu kuanza upya. Binti alisema mama anahitaji kitu cha kumshughulisha. Nikamjibu kwamba mimi mwenyewe nimeshughulika vya kutosha kwa watu wawili. Hakunisikiliza. Akatuma picha.

Nilikaa kando ya kitanda nikazikagua kama ninavyokagua dume la kupandishia: kifua, miguu, pua. Kulikuwa na paka wa Siam, ambaye binti aliniambia ni msemaji sana, na kelele za majirani zilinitosha. Kulikuwa na wa Kihabeshi, mwenye manyoya mafupi na mwili mkavu, mnyama wa nchi ya jua. Huyo nilimpenda. Wa mwisho alikuwa wa Kiajemi: uso bapa kana kwamba amegonga mlango, pua ya kupumulia kwa shida, macho ya kutoa machozi, na manyoya marefu ya kuchanwa kila siku. Kwa miaka mingi nimewaambia wafugaji kwamba ukileta ng'ombe wa Frizian halisi hapa Simiyu bila kivuli wala maji, umeleta nyama. Nilianza kuandika jibu kwamba tunataka Mhabeshi.

Kidole cha kushoto cha mke wangu kikaja juu ya simu, kikaisukuma picha, kikasimama juu ya yule mwenye manyoya. Nikamweleza habari za joto na vumbi. Kidole hakikuondoka. Tangu augue hakuwa ametaka kitu chochote, hata chumvi. Nikafuta, nikaandika Kiajemi.

Binti alimleta mwenyewe kwa basi, ndani ya kikapu, akalala siku mbili na kutuachia amri. Maji safi, si maziwa. Samaki wa kuchemsha asiye na chumvi wala miiba. Beseni la mchanga la haja zake, libadilishwe kila siku. Macho yafutwe kwa pamba iliyochovywa kwenye maji yaliyochemshwa, na pamba, hapa Simiyu, haikutusumbua kuipata. Asitoke nje. Achanwe kila siku, la sivyo manyoya yanasokotana hadi ngozi inavutika na kuuma. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuja kumwona. Alisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila," akamtazama paka kwa muda mrefu, akaniuliza, "Baba, huyu panya anamkamata kwa mdomo upi?"

Wiki ya kwanza nilimchana mimi, nikinung'unika. Wiki ya pili paka akaniacha, akapanda mapajani kwa mke wangu na kulala juu ya mkono mbovu. Nikaona bega lake linahangaika kuuinua mkono ule. Nikamwekea kitana kiganjani, nikamfungia vidole. Akakivuta mara moja, kikaanguka. Nikakiokota. Baada ya mwezi alikuwa anakivuta mara sita, saba, bila kukiangusha, na vidole vikaanza kujikunja vyenyewe. Mtaalamu wa mazoezi aliponiuliza nimefanyaje, nilisema sijafanya kitu, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kisha wakaja viroboto na kupe. Mbuzi wa jirani walipita uani, au paka alitoroka, sijui. Mke wangu akatoka vipele mkononi, naye hakuweza kujikuna vizuri, kwa hiyo nikapata kazi nyingine ya kumkuna. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Stoo kulikuwa na dawa ya kuogeshea iliyobaki tulipouza ng'ombe wetu wawili. Binti alikuwa amesema viroboto waondolewe kwa kitana chenye meno ya karibu, taratibu, siku baada ya siku. Mimi sikuwa na siku baada ya siku. Nilipiga hesabu ya josho kichwani: ndama mchanga kipimo hiki, basi paka nusu ya nusu. Mzoea punda hapandi farasi.

Mke wangu alikuwa kwenye kiti chake barazani. Nilipofungua chupa niimimine dawa kwenye ndoo ya maji, alianza kupiga mkono wa kiti kwa kiganja kizima. Hiyo ilikuwa ishara yetu ya choo. Nikaweka ndoo chini, nikambeba, nikamfikisha, akakataa kukaa. Nikamrudisha. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Nikamwambia, "Subiri, mama. Nina mikono miwili tu." Nikampa kisogo, nikamtumbukiza paka kwenye ndoo.

Haikupita saa moja paka akaanza kutoa udenda. Masikio yakamtetemeka, kisha miguu, kisha mwili wote. Nilikimbilia maziwa, kwa sababu kwetu aliyekula sumu hupewa maziwa, lakini kabla sijammiminia nikampigia kijana aliyefanya mafunzo chini yangu zamani, ambaye sasa ni daktari wa mifugo Mwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nina paka anatetemeka. Nimemwogesha."

"Kwa dawa gani?"

Nikamtajia.

"Mzee, hiyo kwa paka ni sumu. Ng'ombe anaivumilia, mbwa anaivumilia. Ini la paka haliiwezi, na yeye anajilamba mwili mzima."

"Nimpe maziwa?"

"Usimpe kitu. Mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Mnyoe manyoya yote, ndiyo yaliyoshika dawa. Halafu mfunge kwenye nguo, apate joto. Uombe Mungu."

Nilichukua mkasi wa kushonea wa mke wangu. Yeye alimshika paka mapajani kwa mikono yote miwili, mimi nikakata, na manyoya yale aliyokuwa anayachana kila siku yakaanguka sakafuni mafungu mafungu. Tulimwosha mara tatu. Alipokauka alikuwa kitu kidogo cha waridi chenye kichwa kikubwa. Tukamfunga kwenye khanga, akawekwa kifuani kwa mke wangu.

Alipona, nisiwaweke roho juu kwa hilo. Lakini mchana ule hatukujua. Nilichuchumaa mbele ya kiti, magoti yakiniuma, nimejiandaa kwa hasira yake, maana nilikuwa nimeshaelewa. Amefua nguo zangu zenye harufu ya dawa ile miaka yote ya kazi yangu. Aliitambua chupa ilipofunguka tu.

"Ulikuwa unanikataza," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali.

Niliona aibu, na si kwa sababu ya paka peke yake. Miezi ile yote nilikuwa nimemwogesha, nimemlisha na kumgeuza kwa ratiba, kama mifugo, na sikuwahi kusubiri nione anataka kusema nini. Midomo yake ikaanza kuhangaika kutafuta neno. Nilitaka kumsaidia, kumkisia: maji, choo, kulala. Nikajizuia. Ilichukua muda mrefu sana.

"Umechoka," akasema.

Nilikuwa nimengoja lawama. Nikamwambia ndiyo, nimechoka, nimechoka sana, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata binti yetu. Nililia, na sikujificha. Akauondoa mkono wa kulia juu ya paka, ukasafiri polepole hewani, ukitetemeka, ukafika shavuni kwangu. Ukakaa kidogo, ukaanguka. Nikauinua, nikaurudisha palepale.