Tangi la Makaa

Nilimdanganya mwanafunzi wa udaktari kuhusu maji ya kunywa, na nilimdanganya nikiwa nimeegemea ushahidi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza fomu foo, nikakaa kupumzika, na bado sijainuka. Katika ploti yetu hapa Nakuru wapangaji wengine huondoka asubuhi kutafuta riziki. Mimi hubaki na mjukuu wangu, ambaye mama yake anakata maua kwenye mashamba ya Naivasha. Kwa hivyo mtu akija kuuliza lolote ananipata mimi, msemaji wa ploti ambaye hakuchaguliwa na yeyote.

Kijana yule alikuja na koti jeupe amelikunja kwapani na mashine ya presha mkononi.

"Daktari, hapa hakuna mgonjwa," nikamwambia. "Labda uvivu, na huo ni wangu peke yangu."

"Sitafuti mgonjwa, mathe. Siku hizi tunafundishwa kutibu mtaa mzima."

"Na mtaa unapimwa wapi? Mtaa una mkono wa kufunga hiyo mashine ya presha?"

"Una maji," akasema.

Nilijua tungefika huko. Meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni. Maji ya visima vya huku yana floridi nyingi, madini yanayoharibu meno, na hata uyachemshe vipi haitoki. Ndiyo sababu nacheka nimefunika mdomo, na wageni hudhani nina adabu. Binti yangu naye hufunika wake. Mjukuu alikuwa na miaka mitatu, anacheka mdomo wazi, meno ya utotoni meupe pe. Kijana akamtazama, akanieleza kwamba meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi, ndani ya ufizi, kwa maji anayokunywa sasa. Kisha akauliza tunakunywa yapi.

Ningesema ya kisima. Lakini alikuwa msafi, mpole, na alikuwa ameniita mathe, kama mama yake. Nikaona haya kumwambia mtoto wa watu kwamba najua yaliyoniharibu na bado nampa mjukuu wangu kikombe kilekile.

"Ya mvua," nikasema, nikaligonga tangi la mvua nililokuwa nimeliegemea. "Ploti nzima. Haya meno yangu ni ya zamani."

Tangi likaitika kama kitu kilichojaa. Lilikuwa limejaa makaa. Upepo ulikuwa umeng'oa mifereji ya paa zamani, na mimi nikaona makaa yatakaa makavu mle. Kijana hakufunua kifuniko. Alikuwa na adabu ya kweli, si kama yangu.

Baada ya wiki chache tuliitwa kwenye ukumbi wa kanisa, na kutoka ploti yetu nilikwenda mimi peke yangu, wengine wakiwa kazini. Wanafunzi walikuwa wamechora ramani ya mtaa. Ploti za maji ya kisima zilipakwa rangi nyekundu, na hizo ndizo zingepewa ndoo za kuchuja, zile zenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaonasa floridi. Yetu ilikuwa ya kijani. Kijana akatutaja mbele ya watu wote kuwa mfano mzuri. Watu wakapiga makofi, nami, Mungu anisamehe, nikasimama nikapunga mkono. Bado ningeweza kusema pale pale. Nikakaa chini, nikajiambia nitarekebisha mifereji wiki ijayo.

Wiki ijayo yangu imekuwa miaka minne.

Mwaka huu meno ya mbele ya mjukuu yameng'oka, na yale ya ukubwani yamechomoza na mabaka kama chaki iliyolowa. Sasa yanageuka kahawia. Juzi walipigwa picha shuleni. Yeye peke yake kwenye picha ana mkono mdomoni. Mimi sikumfundisha. Au nilimfundisha, kwa kuwa kila siku ananiangalia.

Nilikuwa bado na namba ya simu aliyoniachia kijana. Sasa ni daktari, yuko hospitali ya mbali. Nikampigia, nikamwambia yote, mpaka makaa.

"Mathe, nilipewa maksi nzuri kwa ile ramani," akasema. "Na mwalimu alikuwa ametuambia tusiulize tu, tuangalie. Ningefunua lile tangi."

Nikamuuliza kama kuna dawa. Akasema yaliyokwisha kujengwa hayajengwi tena. Nikauliza kama wanafunzi wengine watakuja. Akasema hajui, walikuwa wamehamishiwa mtaa mwingine, kwa kuwa wetu ulikuwa umekamilika.

Jirani yangu wa mlango wa pili ana watoto wawili, na mkubwa ana mabaka yale yale. Jioni hiyo alikuwa akianua nguo, nami nikaenda kumweleza kwa nini ndoo hazikufika kwetu. Nilianza kwa mzaha, kama kawaida yangu, nikaishiwa na mzaha njiani. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja shati la shule la mtoto wake mdogo, yule ambaye hajang'oa jino hata moja. Kisha akasema:

"Pole sikupi. Toa makaa kwa hiyo tangi."